Bitana ya Manjano

Guangzhou, 8 Machi 1998

Dada Hannah,

Barua hii inaletwa na Auma, yule mama wa Gikomba anayenunua jinzi kwa marobota. Ikikufikia imekunjamana, ujue imesafiri chini ya suruali za watu. Mimi ni mzima. Mwezi huu kuta za Guangzhou zinatoka jasho kama mtu aliyeitwa na chifu, na shati ukilianika Jumatatu unalivaa Alhamisi likiwa bado linafikiria. Nakaa chumba kimoja na Haroun wa Mombasa, karibu na stesheni, pale Liuhua. Yeye anaswali, mimi nasoma magazeti ya zamani, na hakuna anayemsumbua mwenzake.

Zile kofia za watawa wa Ngolanya zimekwisha. Nilipeleka ile ya mfano Kangle, kijiji kilichomezwa na mji, ambako kila mlango una cherehani. Fundi wangu ni Bi Luo, mama mfupi mwenye sauti ya kunadi samaki. Aliipindua kofia ndani nje, akaukuta ule mshono wa katikati unaotoka kwenye paji mpaka kisogoni, akanitazama kwa huruma.

"Fundi wa kwenu alipungukiwa kitambaa?"

"Sijui, laoban," nikamwambia. Laoban ndiyo tajiri. Huku hata muuza vitunguu ni laoban, haimpunguzii mtu kitu.

"Ameunga vipande viwili. Kazi ya shida hii. Mimi nitakata kipande kimoja."

Nikaona ni uungwana, nikamshukuru. Misalaba ameitarizi yote, sita huku, sita huku, na ule wa kisogoni. Hazina bitana, kwa sababu alipotaja bitana nilijifanya nimeona mtu ninayemfahamu barabarani. Lakini ni kofia nzuri, dada. Wakopti wetu watapendeza.

Msalimie ndugu yetu Thadeo. Najua, najua: Bishoy. Miaka sita ya utawa wake, na ulimi wangu bado haujabatizwa.

Magoti ya Mama yanasemaje?

Ndugu yako,
Cyrus

*

Ngolanya, 2 Mei 1998

Mdogo wangu Cyrus,

Auma alifika, akanywa chai vikombe vitatu kibandani kwangu, akaenda. Kofia pia zilifika, na afadhali zingepotea Hong Kong.

Abuna Wissa, yule mzee wa Misri aliye mkuu wa monasteri, alifungua robota mbele ya watawa wote. Akaingiza mkono ndani ya kofia ya kwanza, akautafuta mshono kwa kidole. Hakuupata. Akachukua ya pili. Akazikagua zote hivyo, polepole, kisha akasema, "Hizi ni za mvua." Unamjua, hapandishi sauti hata akiungua.

Kumbe ule mshono ndio kofia yenyewe, Cyrus. Wanasema baba wa kwanza wa watawa, kule jangwani, shetani alimvuta kofia amvue utawa, ikapasuka katikati. Mzee akaishona, akaivaa tena. Tangu hapo kila mtawa anavaa kofia iliyopasuka ikashonwa. Yenye kipande kimoja ni ya mtu ambaye hajavutwa na yeyote. Bi Luo wako alitaka kutuondolea umaskini, akatuondolea shetani.

Alipewa Kibet, askari wa lango, azichome. Alizichoma nyuma ya zizi. Lakini mkewe Anita aliokoa moja, anabebea maharagwe sokoni. Nilipomwuliza akasema, "Dada Hannah, moto umeshiba, na mimi sina mfuko." Tukacheka mpaka wateja wakageuka.

Mama haendi tena kule juu. Jumapili ya Matawi alimwona Thadeo uani na ndoo za maji, akamwita. Hakugeuka. Akamwita tena. Akapita. Mtawa mmoja akamwambia Mama kwa upole, "Mwite Bishoy, atakuja." Mama akashika njia ya nyumbani. Anasema siku ile ya kuwekwa utawa, walipomlaza sakafuni wakamfunika pazia na kumsomea sala za maziko, yeye alilia kweli, na majirani walileta unga wa matanga kweli. Kama ni maiti, ni maiti wake Thadeo. Huyo Bishoy hakumzaa.

Magoti yanasema vilevile.

Dada yako,
Hannah

*

Monasteri ya Ngolanya, 24 Mei 1998

Kwa Cyrus, ndugu yangu kwa mwili,

Amani ya Bwana iwe nawe katika nchi ya ugenini.

Usihuzunike juu ya kofia. Ulitenda kwa moyo mwema, na moto haukuutazama moyo wako bali kitambaa.

Nina ombi. Nimekabidhiwa tanuri, mimi ndiye ninayeoka korban, mkate wa madhabahuni. Utakumbuka kovu la utosini mwangu, siku ile punda aliponitupa juu ya jiwe pale mtoni. Mshono wa kofia unapita juu yake. Ni miaka sita sasa. Siku za joto kovu huvimba na kutoa maji, na kitambaa hugandamana nalo. Nilimweleza Abuna Wissa. Alisema hiyo ni zawadi, nisiirudishe kwa aliyenipa. Huenda ni kweli. Ila siku hizi nikisimama kusali sisikii sala, nasikia kichwa.

Kabla robota halijapelekwa kuchomwa nilijaribu moja ya kofia zako nikiwa peke yangu. Nilisoma zaburi nzima bila kujikumbuka.

Je, huyo mama anaweza kushona moja nyingine, yenye bitana laini? Nitaivaa chumba cha tanuri tu, ambako haingii mtu. Usimwambie Hannah. Ana kibanda cha chai, na kibanda cha chai ni redio.

Mnyonge,
Bishoy

*

Guangzhou, 12 Julai 1998

Bishoy,

Umeona? Nimeliandika bila kuteleza.

Haroun anakuletea kiboksi cha viatu. Viatu ni vya juu juu tu, mpe Kibet. Chini yake ndiyo kofia. Bi Luo aliuliza ukubwa wa kichwa. Nikamwonyesha sufuria yake ya wali. Akasema "meiyou", yaani hakuna kitu kama hicho duniani. Nikaapa kwamba tumelelewa na kichwa hicho nyumba moja na tunakijua. Kwa hiyo ikikupwaya, lawama ni za sufuria.

Nilitaka bitana nyeusi. Hakuwa nayo. Alikuwa na kipande kimoja cha pamba laini kilichobaki kwenye foronya za maharusi, cha manjano, chenye maua mekundu makubwa kama sahani. Nje umevaa sheria, ndani umevaa harusi. Mabaki alinishonea foronya, kwa hiyo mimi na wewe tunaweka kichwa juu ya maua yaleyale.

Hannah sijamwambia. Lakini nakuomba, mzee akikukuta nayo usibishane naye. Ivue, mpe, niandikie. Vitambaa huku haviishi.

Kaka yako,
Cyrus

*

Ngolanya, 27 Septemba 1998

Cyrus,

Keti kwanza.

Abuna Wissa ameuawa. Ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyopita, baada ya sala ya saa tisa. Alikutwa chumba cha tanuri, amelala kifudifudi kwenye unga, amepigwa kichwani kwa gogo la kuni. Gogo lilikuwa hapohapo. Aliyemkuta ni ndugu yetu. Alishuka mbio mpaka kibandani kwangu, bila kitu kichwani, unga mpaka kwenye nyusi. Nilimkalisha. Nilimpa maji, akayashika tu.

Nairobi bado inahesabu waliokufa kwenye bomu la Agosti, kwa hiyo gazeti lilitupa nafasi ya tangazo la ng'ombe aliyepotea. Lakini hapa hakuna neno lingine midomoni mwa watu.

Wamemkamata Kibet. Sababu ni hii: mkononi mwa Abuna kulikuwa na kofia, ameing'ang'ania hata vidole ilibidi vifunguliwe. Polisi wakawauliza watawa kama ni yao. Wakaikagua ndani wakasema hapana, mtawa havai kofia isiyo na mshono, hii si ya mtu wa nyumba hii. Basi ni ya nani? Ni moja ya zile alizopewa Kibet achome. Kibet akaapa alizichoma zote. Mtu mmoja wa sokoni akasema, mbona mkeo anabebea maharagwe. Wakaenda, wakaikuta. Kama moja ilipona, kwa nini isipone ya pili? Wanasema alijifunika kichwa kama mtawa ili aibe chumbani, mzee akamfumania akamvua.

Uwongo wake wa maharagwe ndio uliomfunga. Anita analia hapa kibandani. Anasema, "Nilitaka mfuko, dada. Nilitaka mfuko tu."

Niliiona hiyo kofia polisi walipoishusha. Ni nzito kuliko zile zako nilizoziona. Ndani ina maua, kama kitambaa cha kitandani. Kibet kaitoa wapi, sijui.

Tuombee. Thadeo hali chakula.

Hannah

*

Guangzhou, 20 Oktoba 1998

Dada Hannah,

Barua yako ilinikuta soko la Shisanhang, nikiwa nusu ndani ya lundo la magauni. Niliisoma nimesimama, wabeba mizigo wakinipita na matusi yao. Niliisoma tena chumbani.

Pole kwa mzee. Alinichomea kofia, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alimdhulumu mtu.

Nataka uniambie mambo machache, na uniambie ulivyoona, si walivyosema. Maua ya ndani, ni rangi gani? Na kitambaa kilicho chini ya maua? Ile ya Anita, ya maharagwe, ina bitana au haina? Kuna mtu yeyote aliyeziweka hizo mbili pamoja akazitazama?

Usiniulize kwa nini. Mimi ni mtu wa nguo, nikisikia habari ya nguo nauliza nguo.

Nilikwenda Kangle jana. Bi Luo alikuwa anakula. Nilimwuliza kama amewahi kumshonea mtu mwingine kofia nyeusi yenye misalaba. Akanitazama kama mgonjwa. "Nani mwingine?" akasema. "Mteja wa vitu hivyo ninaye mmoja, na hajanunua bitana isipokuwa mara moja." Haroun alikuwa nami. Tulirudi chumbani. Ndipo akasema, "Cyrus, ile boksi ya viatu niliibeba mimi." Akatandika mkeka wake.

Mama amejua nini?

Cyrus

*

Ngolanya, 22 Novemba 1998

Cyrus,

Maua ni mekundu, makubwa. Chini ni manjano. Ya Anita haina bitana. Hakuna aliyeziweka pamoja, kwa sababu polisi akishaona kofia ameona kofia.

Sasa nimekujibu, na nilipokuwa naandika ndipo nilipoelewa ninachokujibu. Ulimtumia wewe.

Sitauliza lini wala kwa mkono wa nani. Nakuambia yale ambayo barua yako haikuuliza. Thadeo ameanza kula. Ameanza kuoka tena. Juzi alimwosha miguu mtawa mgonjwa mwenye vidonda, hata mganga alikuwa ameshika pua. Watu wanapanda kilima kumwona. Mama amesikia, na kwa mara ya kwanza nimemsikia akilijaribu lile jina peke yake jikoni, "Bishoy, Bishoy," kama mtu anayeonja chumvi.

Ukisema, wanaenda wawili: yeye na Mama.

Najua Kibet ni mtu mzima mwenye watoto. Simchukii. Lakini alidanganya, Cyrus, hakuna aliyemlazimisha. Wakili aliyepewa na mahakama ni kijana mwenye mafaili mengi kuliko meno. Labda atamtoa, labda Mungu atamtoa. Wewe uko mbali. Aliye mbali hana lazima ya kuona.

Na huyu tulishamzika mara moja. Nilikuwepo, nililia, nilipika. Usinifanye nimzike tena.

Anita anakuja kila asubuhi. Anakaa kwenye benchi lile la mlangoni, haniombi kitu. Leo aliniuliza, "Kaka yako wa China anajua mambo ya nguo. Hawezi kutusaidia?" Nikamwambia nitakuuliza. Basi nimekuuliza, na jibu nimeshalitoa mimi.

Choma hii.

Hannah

*

Guangzhou, 10 Desemba 1998

Bishoy,

Nakuandikia kwa jina hilo kwa sababu Thadeo angekuwa ameshaniandikia yeye.

Kofia yenye bitana ya manjano ipo moja duniani. Haikupitia mkononi mwa Kibet. Kibet alipata viatu, na natumaini vilimtosha kabla hawajamvua huko ndani. Wenzako wanaapa kwamba kofia isiyo na mshono haiwezi kuwa ya mtawa. Hawasemi uwongo, hakuna aliyewafundisha kwamba mtawa anaweza kuwa na kaka Guangzhou.

Sijui kilichotokea kwenye chumba cha tanuri. Nimejaribu kukipanga kichwani kila namna, na kwenye kila namna kuna mzee mmoja anayeanguka na kuna mtu mmoja anayebaki amesimama. Labda hukukusudia. Labda ulikuwa umeshika kuni kwa ajili ya moto. Ukisema hivyo mbele ya watu, mimi nitakuamini kabla yao.

Kesi ya Kibet ni Machi. Sikutishi. Mimi nimekaa na wafanyabiashara muda mrefu, najua tishio linavyonukia, na hili silo. Nakupa nafasi ya kutangulia. Ukienda wewe, utakuwa mtu aliyekiri. Nikienda mimi, utakuwa mtu aliyekamatwa na foronya.

Nijibu kama ndugu. Usinijibu kama kanisa.

Cyrus

*

Monasteri ya Ngolanya, 7 Januari 1999, Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana

Kwa Cyrus, ndugu yangu,

Amani.

Kibet namwombea katika kila ibada. Jina lake naliweka kwenye mkate.

Unaniambia nisijibu kama kanisa. Sina mdomo mwingine. Ule niliokuwa nao ulifunikwa pazia.

Nitakuandikia juu ya Abuna Wissa, kwa kuwa hapa hakuna anayemzungumzia ila kwa sifa. Alikuwa baba yangu. Alinifundisha kuoka. Alinivua kofia kwa mkono wake mwenyewe, si kwa hasira. Akaipindua, akayaona maua. Kisha akasema: "Mwanangu, miaka sita ni mingi kwa mtu asiyetaka kushonwa. Kesho nitakurudishia jina lako. Utashuka kilima ukiwa Thadeo, uoe, upumzike." Alisema kama anayenipa ruhusa ya kulala. Akanigeuzia mgongo aende zake.

Unajua mtu aliyekufa anavyoogopa akiambiwa arudi kuishi? Hakuna kitabu kinachosema.

Siwezi kukuambia kwamba sikuwepo.

Nimefikiri juu ya mahakama. Huanza kwa kuuliza jina. Nikisema Bishoy, nimemweka muuaji ndani ya jina la mtakatifu. Nikisema Thadeo, basi mzee alifaulu, na nilimpiga bure. Nionyeshe jina la tatu nami nitashuka kesho.

Usitume kitu. Niache nioke.

Mnyonge,
Bishoy

*

Guangzhou, 24 Februari 1999

Dada Hannah,

Huku walikuwa na mwaka mpya wao. Kangle ilihama yote. Mafundi walipanda treni kwenda makwao, cherehani zikabaki zimefunikwa mashuka kama mahali palipofiwa. Nilipita kila siku kuona kama Bi Luo amerudi. Nilikuwa natumaini harudi.

Amerudi. Nilimpelekea foronya aliyonishonea kwa mabaki ya ile bitana, nikamwomba aikate katikati, sawasawa, bila kuharibu ua. Akaniuliza kwa nini naharibu kitu kizima. Nikamwambia nyumbani kuna mtu anayehitaji nusu. Akasema, "Nitakushonea pindo basi, isichanike." Nikamwambia hapana, laoban, lazima uonekane ulipokatwa. Akafanya. Hakutaka malipo, na huyo ni mwanamke anayetoza uzi.

Nilimpa Thadeo nafasi. Alinijibu. Sitakuletea barua yake, na mahakama pia sitaipa. Ile aliniandikia mimi. Lakini nakuambia, si Kibet.

Nilipanda treni mpaka Beijing, nikaapa mbele ya ofisa wa ubalozi: ni nani aliyeshona, kwa agizo la nani, ilikwenda kwa nani. Haroun alikwenda nami, akaapa kwa Kitabu chake juu ya boksi la viatu. Auma anaondoka kesho. Karatasi na ile nusu anampelekea wakili wa Kibet mkononi. Sikutaka zipite kwako. Sikutaka uwe mtu aliyewasha moto, wala uwe mtu aliyeshindwa kuuwasha.

Ulisema aliye mbali hana lazima ya kuona. Dada, mimi nalalia maua hayo. Nilijaribu kuigeuza foronya upande wa pili. Bi Luo ni fundi mzuri, maua yake yanatokeza pande zote mbili.

Kibet alichukua viatu vyangu akanishukuru kwa kumtuma Haroun aniambie vinambana kidogo. Nimekuwa nikikumbuka hilo kila nikivaa vyangu.

Mwambie Mama mimi ndiye niliyefanya. Usiseme ni polisi.

Cyrus

*

Ngolanya, 19 Agosti 1999

Bwana Cyrus,

Nilikuwa nimeamua nisikuandikie maisha yangu yote, na nilikuwa naendelea vizuri. Lakini kuna mambo ambayo mtu hapaswi kuyasikia kutoka kwa Auma.

Kibet ametoka. Alipita kibandani akiwa na Anita, wakaketi, nikawapa chai. Tulikunywa kama watu wanaosubiri basi. Alipoondoka alisema, "Mwambie kaka yako asante," kisha akaona uso wangu, akasema, "Au usimwambie." Basi nimekuambia.

Mahakamani ilikuwa hivi. Wakili kijana, yule wa mafaili, aliweka kofia mezani, imepinduliwa. Akaweka ya Anita kando yake. Kisha akaitoa ile nusu ya foronya kwenye bahasha, akaikunjua. Watu ukumbini wakainuka kuona. Hata mimi, niliyekuwa nimekulaani njia nzima, niliona ni nguo ile ile. Maua yale yale. Akaanza kusoma kiapo chako. Thadeo alikuwa ameitwa shahidi wa monasteri, ameketi na wenzake. Hakungoja jina lako lifike. Alisimama. Akasema, "Mwacheni mtu huyo aende nyumbani. Kofia ni yangu na mkono ni wangu."

Jaji akamwuliza jina.

Aliitazama mikono yake, Cyrus. Karani aliinua kalamu akaishusha. Mwishoni ni mtawa mzee aliyeketi kando yake ndiye aliyejibu, akilia: "Aliitwa Bishoy."

Kesi yake itasikilizwa Oktoba, na sote tunajua sheria inasema nini. Wakili anasema kukiri kwake huenda kukapunguza kitu. Mimi nimeacha kumwuliza wakili anamaanisha nini.

Mwezi uliopita waraka wa kanisa ulisomwa kule juu, ukashushwa mpaka kwetu. Amevuliwa utawa. Mavazi yake yamechukuliwa. Asiitwe tena kwa jina alilopewa. Anarudishiwa jina lake la kwanza. Walituma watawa wawili kumsomea Mama nyumbani, vijana, wamesimama jua kali, hawataki kuketi. Walipomaliza Mama akawauliza, "Kwa hiyo mmemfufua?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mama, si hivyo."

"Mlimsomea maziko, mkampa jina lingine. Alipokuwa mtakatifu alikuwa wenu. Sasa ameua, mnaniletea." Hakuwasema kwa ubaya. Aliwapa maji ya kunywa. Kisha akaingia ndani akatafuta viatu vyake vya safari, vile ambavyo hajavivaa tangu Jumapili ile ya Matawi.

Sijakusamehe. Usiisome barua hii hivyo. Kila ninapomwona Anita na mumewe nafurahi, na kila nikishafurahi nakukasirikia kwa sababu nimefurahi. Utalibeba hilo nami. Mama anasema wewe ulikuwa mwenye macho, na kwamba mwenye macho hapendwi na nyumba yake mpaka apofuke. Ndivyo anavyozungumza sasa. Anakuomba ile nusu ya foronya uliyobaki nayo. Gerezani wameruhusu kitambaa cha kulalia, na wamemnyoa Thadeo. Kovu liko wazi, limekauka lenyewe kwa hewa. Anataka apate kitu laini. Itaungwa na ile iliyoko mahakamani, ukitaka. Wakili ataturudishia kesi ikiisha. Nitaishona mimi, na mshono utaonekana, sina mkono wa Bi Luo.

Hiyo ndiyo sababu ya barua. Lakini nikwambie pia juu ya siku tuliyokwenda.

Kuna uzio wa waya, na wafungwa wanatolewa na kupangwa ng'ambo, wote wamevaa sawa, wote wamenyolewa. Mimi sikumtambua. Jua lilikuwa machoni, na askari alikuwa anasema tuharakishe. Nilimwona Mama anasogea peke yake mpaka kwenye waya, anashikilia kwa vidole. Nikataka kumkumbusha asimwite vibaya, mazoea ya miaka saba. Kisha nikakumbuka hakuna tena jina la vibaya.

Akaita, "Thadeo."

Mtu mmoja katikati ya mstari akageuza kichwa.

"Naam, Mama," akaitika.

Hannah